"Uzoefu wa Mtumiaji" au Lawama kwa Mtumiaji? Tahakiki ya Istilahi za Huduma za TEHAMA Vyuoni

1. Utangulizi

Vyuo vikuu vya nchi yetu leo huendesha kwa kompyuta karibu kila jambo lililokuwa likifanywa kwa jalada na mhuri: kuomba nafasi ya masomo, kujisajili, kulipa ada, kupata matokeo, hata kuwasilisha kazi za darasani. Pamoja na mabadiliko hayo umezuka wajibu mpya katika uongozi wa vyuo, nao ni wajibu wa kuangalia mambo mawili: kwanza, jinsi mifumo hiyo inavyomwia rahisi au vigumu mtu anayeitumia, pili, jinsi mtu huyo anavyohudumiwa anapokwama. Wajibu huu una jina lake katika Kiingereza, na jina hilo limekwisha kuanza kutafsiriwa. Tafsiri inayosikika mara nyingi ni "uzoefu wa mtumiaji na msaada".

Katika makala hii tunakusudia kuichunguza tafsiri hiyo pamoja na istilahi zinazoandamana nayo: mteja, dawati la msaada, tiketi, kosa na "mfumo uko chini". Dai letu ni moja. Kila moja ya istilahi hizi imeundwa kwa maneno halali ya Kiswahili, lakini zikiwekwa pamoja zinamtwisha mtumiaji lawama ya hitilafu isiyo yake, na kuigeuza haki yake kuwa fadhila. Tutajaribu pia kuonyesha kwamba lugha yetu ilikuwa na maneno ya kufaa kabla hatujaenda kuyakopa.

2. Mahali pa kupimia istilahi

Istilahi hupimwa mahali inapotumika, wala si mezani kwa mfasiri peke yake. Sisi tumechagua Mwika, mashariki ya mteremko wa Kilimanjaro, katika barabara itokayo Himo na kupita Marangu kuelekea Rombo. Elimu si jambo geni mahali hapo. Chuo cha Biblia cha Kilutheri kimekuwapo Mwika kwa miongo mingi. Na elimu ya juu imefika huko kwa chuo kinachokumbuka jina la Askofu Stefano Moshi, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963. Chini mjini Moshi kuna chuo cha tiba kilichokua pamoja na hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Kuna Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho mwaka 2014 kilikuwa chuo kikuu kamili. Na kuna Chuo Kikuu Kikatoliki cha Mwenge. Hatuvitaji vyuo hivi ili kuvilaumu. Tunavitaja ili ieleweke kwamba kijana wa Mwika anaweza kusoma chuo kikuu bila kuuacha mkoa wake, na kwamba wazazi wake wanaokaa kihambani wamo katika shughuli hiyo tangu siku ya kwanza.

Wamo kwa sababu maombi si ya kijana peke yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Nayo huhitaji habari za wazazi, za mdhamini, cheti cha kuzaliwa na vielelezo vingine. Mama anayeuza ndizi sokoni huulizwa namba yake ya kitambulisho cha taifa na kuombwa atie sahihi. Mahali pa kufanyia kazi hiyo mara nyingi huwa ni steshenari: duka dogo lenye kompyuta moja au mbili, mashine ya kunakilia karatasi, na kijana mmoja anayejua njia za mifumo yote. Kwa hakika, kwa maelfu ya Watanzania kijana wa steshenari ndiye dawati la kwanza la huduma ya TEHAMA ya chuo kikuu, ingawa chuo hakimjui wala hakimlipi.

Swali letu basi ni hili: mama huyo na mwanawe wakiyasoma maneno yaliyo katika skrini na katika matangazo ya chuo, wanaelewa nini kuhusu nafasi yao?

3. "Uzoefu wa mtumiaji"

Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili. La kwanza ni ujuzi anaoupata mtu kwa kufanya kazi muda mrefu. La pili ni hali inayomkuta mtu mara moja, kama vile kukaribishwa vizuri au kufukuzwa mlangoni. Jina la wajibu tunaouzungumzia limejengwa juu ya maana ya pili. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. "Uzoefu" hutokana na "kuzoea", nao daima huhitaji muda. Tangazo la kazi husema: "awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu". Fundi mzoefu ni yule aliyekwisha fanya kazi nyingi. Mtu hawezi kuwa na uzoefu wa jambo alilokutana nalo leo asubuhi.

Kwa hiyo msomaji wa kawaida akiliona tangazo kwamba chuo "kinapima uzoefu wa watumiaji wa mfumo wa usajili", ataelewa kwamba yeye ndiye anayepimwa: kwamba chuo kinataka kujua ni nani amekwisha zoea kompyuta na nani bado. Na cheo cha "Mkuu wa Uzoefu wa Watumiaji" ataelewa kuwa ni cha mtu anayewafunza watumiaji wapate kuzoea. Maana imepinduka. Dhana ya asili inaitaka taasisi ijichunguze. Tafsiri inamwambia mtumiaji ajichunguze.

Hili si suala la ufasaha tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishindwa kujisajili kwa sababu kitufe kimefichwa chini ya ukurasa, neno "uzoefu" limekwisha toa hukumu kabla hajasikilizwa: hajazoea. Naye atakubali hukumu hiyo, kwa kuwa ni kweli kwamba hajazoea. Atarudi steshenari, atalipa tena, na hitilafu itabaki pale pale ikimngoja mwenzake wa mwaka ujao.

Katika vihamba vya Kilimanjaro maji yamekuwa yakiletwa kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na wazee kutoka mtoni na kuzungushwa ubavuni mwa mlima. Maji yasipofika kihambani, hakuna anayeuliza kama mwenye kihamba ana uzoefu wa maji. Watu hupanda kuufuata mfongo mpaka waone ulikobomoka. Istilahi tunayoitafuta ni ile itakayowaelekeza wasimamizi wa mifumo kupanda namna hiyo.

Wapo waliopendekeza "tajiriba". Neno hili ni zuri, na hutumika zaidi kwa wenzetu wa Kenya, lakini nalo limekaa katika maana ya ujuzi uliokusanywa, halitutoi tulipo. Wengine wamependekeza "mapito ya mtumiaji". Hilo nalo halifai, kwa kuwa "mapito" katika matumizi ya leo, hasa makanisani, ni mateso anayoyapitia mtu. Huenda mwanafunzi aliyekaa siku tatu bila kupata namba ya malipo akaliona ni neno sahihi kabisa, lakini chuo hakiwezi kulitundika mlangoni.

Sisi tunaona kwamba jibu limo katika kitenzi "tumia" chenyewe. Kitenzi hiki hutupa "utumiaji", yaani kitendo cha mtu. Na kikiongezwa kiambishi cha kutendeka hutupa "tumika", na kutoka hapo "utumikaji", yaani sifa ya kitu kinachotumika vyema. Mwenendo huu si mgeni: tunao usomaji na usomekaji, na hakuna anayechanganya juhudi ya msomaji na ubora wa maandishi. Kitabu chenye herufi hafifu kina usomekaji mdogo hata kikipewa msomaji hodari. Vivyo hivyo mfumo wenye kitufe kilichofichwa una utumikaji mdogo hata ukipewa mtaalamu. Faida nyingine ni kwamba "kutumika" hubeba pia maana ya kutumikia watu, maana ambayo mtumishi wa umma anaifahamu vizuri.

Kwa dhana pana zaidi, yaani jumla ya mambo yanayomkuta mtu tangu anapoufungua mfumo hadi anapomaliza haja yake, tunapendekeza "hali ya utumiaji". Ni maneno ya kawaida, na hatuoni aibu kwa hilo.

4. "Msaada", "mteja" na "dawati"

Neno "msaada" ni jema kati ya jirani na jirani. Lakini katika lugha ya ofisi na ya siasa limepata rangi yake: kuna msaada wa chakula, msaada wa wahisani, msaada kwa waathirika wa mafuriko. Katika yote hayo mtoaji hutoa kwa hiari yake, na mpokeaji hushukuru. Ofisi ikijiita "Kitengo cha Msaada", anayeingia huingia kama mwombaji. Husema, "Samahani mzee, naomba unisaidie," naye akiambiwa arudi kesho hana la kudai.

Kiswahili kilikwisha kutana na tatizo hili zamani na kulitatua vizuri. Matibabu anayopewa majeruhi kabla hajafikishwa hospitali huitwa katika Kiingereza kwa jina lenye maana ya msaada. Sisi tuliita "huduma ya kwanza". Hatukusema "msaada wa kwanza", kwa kuwa majeruhi hastahili kungoja huruma. Mfano huu unatosha kutuongoza: kazi ya kumwondolea mtumiaji mkwamo ni "huduma kwa watumiaji", nayo hupimwa kwa muda uliochukuliwa na matokeo yaliyopatikana, kama huduma nyingine yoyote.

Kuhusu "mteja", tunatoa tahadhari. Vyuo vingine vimeiga maneno ya kampuni za simu na kuandika "huduma kwa wateja". Mwanafunzi hakununua bidhaa. Ni mwanachama wa jumuiya ya chuo, na mhadhiri au mhasibu anayeutumia mfumo uleule si mteja hata kidogo. Zaidi ya hayo, sauti ya mitambo ya simu inayotangaza kuwa mteja hapatikani imelifanya neno hilo, katika vinywa vya vijana, kuwa na maana ya mtu asiyepatikana. Ni bahati mbaya kulitumia kwa ofisi ambayo sifa yake kuu inapaswa kuwa kupatikana. "Mtumiaji" linatosha, ila lifuatwe na kitu kinachotumiwa pale ambapo muktadha hauonekani, kwa sababu likiachwa peke yake watu hufikiria dawa za kulevya.

"Dawati" tunalikubali. Polisi wetu wamelizoeza umma kwa Dawati la Jinsia na Watoto, na leo hakuna anayedhani ni kiti cha mwanafunzi wa shule ya msingi. Liwe basi "dawati la huduma".

5. "Kosa", "tiketi" na "mfumo uko chini"

Hapa tunafika kwenye maneno ambayo mtumiaji huyaona kwa macho yake kwenye skrini, na ndipo athari ilipo kubwa zaidi.

Mfumo unaposhindwa kufanya kazi, skrini nyingi zilizotafsiriwa huandika "Kosa limetokea", au "Kosa" tu, kwa rangi nyekundu. Katika Kiswahili kosa lina mkosaji. Mtu hukosa adabu, hufanya kosa la jinai, huomba radhi kwa kosa lake. Mtambo hauna makosa, una hitilafu. Watu wote wanaopata umeme wanalijua neno hilo, kwa maana hutangaziwa mara kwa mara kwamba umeme umekatika kutokana na hitilafu. Kwa hiyo tofauti tunayoitaka imekwisha kaa katika masikio ya wananchi: "hitilafu" iwe ya mfumo, na "kosa" liachiwe yale ambayo kweli mtumiaji ameyaandika isivyo, kama tarehe ya kuzaliwa. Hata hapo, afadhali skrini iseme "Tarehe haijakamilika, andika siku, mwezi na mwaka" kuliko "Kosa". Sentensi ya kwanza inafundisha. Neno la pili linatisha.

"Tiketi" imeingia kwa njia ya programu zinazopanga maombi ya watumiaji kwa foleni na kuyapa namba. Lakini tiketi ya Mtanzania ni ya basi au ya mpira. Mtumiaji akiandikiwa "tiketi yako imefungwa" hawezi kujua kama shida yake imetatuliwa au safari yake imefutwa. Jambo linalotajwa hapa ni taarifa iliyotolewa na kusajiliwa. Basi na iwe "taarifa", nayo ipewe "namba ya taarifa". Ilipotatuliwa iandikwe "imetatuliwa"; ilipokataliwa iandikwe "imekataliwa", pamoja na sababu. Tungaliweza kutumia "kumbukumbu namba", ambayo kila karani anaifahamu kutoka vichwa vya barua za Serikali, lakini maneno hayo sasa hutumika pia kwa namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Mwanafunzi akipewa namba mbili zenye jina moja ataipeleka isiyofaa benki.

"Mfumo uko chini" ni tafsiri ya neno kwa neno. Anayesikia huweza kuuliza: chini ya nini? Kiswahili husema saa imesimama, kazi imesimama, mashine imesimama. Mfumo nao husimama. Tangazo liseme "Mfumo wa usajili umesimama tangu saa nne asubuhi", na liongeze utarejea lini na mtu afanye nini kwa wakati huo. Tunaongeza jambo hili kwa makusudi: ufupi wa istilahi usiwe kisingizio cha ufupi wa maelezo.

Hatuna budi kugusa "nywila". Neno hili limo katika kamusi na tunaliheshimu. Lakini huduma za fedha kwa simu, kama M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008, zimemfundisha kila mtu "namba ya siri", sambamba na "salio", "wakala" na "muamala". Mama wa Mwika anayepokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam anajua kwamba namba ya siri haipewi mtu. Akielezwa kuhusu "neno la siri", atalinganisha mara moja na kuelewa hatari ya kumwachia kijana wa steshenari. Akiambiwa "nywila", neno halimwonyi lolote. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hili si jambo dogo. Kwenye skrini za umma tunapendekeza "neno la siri".

6. Hoja zinazoweza kutolewa

Wapo watakaosema kwamba lugha ya kufundishia vyuoni ni Kiingereza, na kwamba mwanafunzi anayeshindwa kusoma skrini ya Kiingereza hakustahili kuingia. Hoja hii inawasahau watu wengi: mzazi, mdhamini, mlinzi anayesajili wageni, mhudumu wa bweni, karani wa stoo. Inasahau pia kwamba mtu anayekwama hupoteza sehemu ya lugha zake. Akiwa na hofu ya kukosa mtihani, husoma vizuri zaidi kwa lugha aliyoizoea tangu utotoni. Na ikumbukwe kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hivyo uwezo wa lugha hauna shaka tena.

Wengine watasema kwamba tunabishana juu ya majina, ilhali tatizo ni mitambo michache na umeme usiotabirika. Ni kweli kwamba istilahi haileti umeme. Lakini istilahi huamua taarifa gani zinaandikwa. Chuo kinachoita kila mkwamo "kosa la mtumiaji" kitamaliza mwaka kikiwa na jalada lililojaa makosa ya watumiaji, na hakitakuwa na jalada la hitilafu zake. Fedha za matengenezo zitaombwa kwa ushahidi gani?

Watatokea pia watakaodai istilahi zenye mng'ao zaidi, zilizochimbwa katika lugha zetu za kienyeji, kama "kitivo" na "ikulu" zilivyopatikana. Njia hiyo tunaithamini. Hata hivyo utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi unatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe, na hapa hakijaishiwa. Mabishano ya muda mrefu kati ya "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi" yametufundisha kwamba uzuri wa umbo hautoshi kuliingiza neno sokoni.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yatumike katika tafsiri, matangazo na skrini za vyuo:

(a) Utumikaji: sifa ya mfumo unaotumika kwa wepesi, badala ya "uzoefu wa mtumiaji" inapokusudiwa ubora wa mfumo.
(b) Hali ya utumiaji: jumla ya yanayomkuta mtumiaji, badala ya "uzoefu wa mtumiaji" kwa maana pana.
(c) Huduma kwa watumiaji: badala ya "msaada" na "huduma kwa wateja".
(d) Dawati la huduma: badala ya "dawati la msaada".
(e) Taarifa, namba ya taarifa: badala ya "tiketi".
(f) Hitilafu: badala ya "kosa", isipokuwa pale mtumiaji alipoandika isivyo.
(g) Mfumo umesimama: badala ya "mfumo uko chini".
(h) Neno la siri: kwenye skrini za umma, badala ya "nywila".

Kiongozi wa kazi hii basi ataitwa Mkuu wa Utumikaji wa Mifumo na Huduma kwa Watumiaji. Ni jina refu, lakini kila anayelisoma atajua mkuu huyo anawajibika kwa lipi, na mkuu mwenyewe atajua kwamba mfumo ukishindwa kutumika, swali la kwanza linaelekezwa kwake.

8. Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Istilahi tulizozihakiki zinaelekea kusema kinyume: kwamba anayeuliza hajazoea, amekosea, na anaomba msaada. Tunawasihi wafasiri wazikague kazi zao kwa kipimo hiki kabla ya kuzitoa: neno linamwambia mtumiaji kwamba nani anawajibika? Walimu wa vyuo na watumishi wa umma wanaoyasikia maneno mengine kwenye madirisha ya ofisi na katika steshenari za vijijini tunawaomba watuletee. Mapendekezo haya yatajadiliwa kabla ya kusanifishwa, na ushahidi wa wale wanaoyatumia maneno kila siku utapewa uzito kuliko upendeleo wa yeyote kati yetu.